Tiba ya Mtu Mzima

Wananchi wote walitangaziwa kwamba kuanzia Jumatatu mgongo hautatibiwa tena peke yake. Atatibiwa mtu mzima. Kwa maneno hayo Ndugu Revelian, Mratibu Mkuu wa Migongo, alifungua mafunzo ya waganga katika zahanati moja ya Temeke, akapigiwa makofi.

"Na watoto je?" aliuliza Anjelina, mganga msaidizi.

Ndugu Revelian alifafanua kwamba mzima hapa ni kamili: mgonjwa aulizwe kazi yake, nyumba yake, usingizi wake, mpaka chanzo cha maumivu kipatikane. Suala la watoto liliundiwa kamati ndogo papo hapo.

Ikafuata sehemu ya vitendo. Wakubwa wa wizarani walikaa mbele, na Ndugu Revelian alitaka waone mambo. Akaitwa Bi Hamisa, aliyekuwa benchini tangu asubuhi ameshika kiuno.

"Kazi zako za nyumbani zikoje, mama?" aliuliza Anjelina.

"Nabeba maji toka Keko. Bomba la mtaa halitoi."

"Limeharibika?"

"Wala. Mafundi wamelihamishia kwa mkubwa mmoja Chang'ombe. Simjui mie. Wanasema ana mawaridi, yanamwagiliwa asubuhi na jioni."

Ndugu Revelian aliinuka kumkatiza. Mawaridi yale aliyapenda kuliko watumishi wote wa idara yake.

"Apewe dawa ya kuchua," alisema haraka.

"Umetukataza, Ndugu. Tutibu chanzo." Anjelina akawageukia wageni. "Na chanzo ni maua."

Mkubwa wa wakubwa alisema hajapata kuona mafunzo yaliyoeleweka upesi namna hii. Akaagiza bomba lirudishwe mtaani, na Ndugu Revelian, kwa umahiri wake, asimamie kazi hiyo mwenyewe. Alisimamia. Alipongezwa hata redioni.

Bi Hamisa akachota maji mlangoni kwake. Huko Chang'ombe mawaridi yakaanza kunyauka. Mtunza bustani alisema yeye ni wa mpira wa kumwagilia, ndoo haziwezi. Basi Ndugu Revelian akabeba ndoo mwenyewe, mbili mbili, kabla majirani hawajaamka.

Haikupita wiki akaonekana zahanati, amepinda, anaomba kidonge tu, bila maswali.

Anjelina alimkalisha taratibu. "Pole sana. Umebeba nini, Ndugu?"

"Maji."

"Ya kunywa?"

Benchi zima likasogea lisikie jibu.