Mkurugenzi wa Usalama wa Josho la Tumati

Jumatatu, 2 Juni
Mwalimu Hilary kanieleza leo habari za Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Taifa. Anateuliwa na Rais, anamshauri Rais. Na idara ilifanya kazi miaka mingi bila sheria yake yenyewe, mpaka mwaka 1996. Kimya kimya! Hamu ya kula imeniisha. Mtu kama mimi nimezaliwa kwa kazi hiyo, na hapa kijijini Tumati nafunga geti la josho la ng'ombe.

Jioni nimemwendea Sebastiani, mwenyekiti wa josho, rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Uchaguzi wa mwenyekiti ni Jumapili. Nikamwambia anahitaji mkurugenzi wa usalama. Akacheka, kisha akauliza kama watu wanamsema. Nimeteuliwa! Sheria itakuja baadaye.

Jumatano, 4 Juni
Operesheni ya kwanza. Nimejibanza kwenye mahindi kando ya josho, nisikie wafugaji wanasema nini. Ilikuwa inakwenda vizuri. Akapita Mzee Akonaay. Ningefanyaje? Mzee wa miaka themanini apite hatua tatu toka nilipo, ninyamaze? Nikamwamkia humo humo mahindini. Akaitikia marahaba bila kushtuka, akauliza watoto, akauliza ng'ombe, akauliza mvua. Wengine nao wakaja kunisalimia. Aibu!

Walipoondoka, mzee akabaki. Akasema taratibu: "Modest, mwambie Sebastiani aje kwangu kabla ya Jumapili. Akiri mbele ya wazee kwamba ng'ombe wake wanaoga kwanza kila wiki, wetu wanabaki na matope. Tutamsamehe. Asipokuja, tunamtoa."

Alhamisi, 5 Juni
Nimemuuliza Hilary mkurugenzi hufanyaje akiwa na habari mbaya. Eti anaipeleka kama ilivyo, ndiyo kazi yenyewe; habari tamu mtu yeyote anaweza kupeleka. Rahisi kusema ukiwa na chaki mkononi.

Kwa Sebastiani nimekuta kuku amechinjwa kwa ajili yangu. Mkewe, Juliana, kaniita mkurugenzi. Jamani! Nikasema wazee wanamsalimia sana na wako naye. Salamu si walitoa? Amefurahi mpaka akanishika bega.

Jumapili, 8 Juni
Mikono iliyonyooshwa kumchagua Sebastiani: mitatu. Wake, wa Juliana na wangu. Aliyeshinda ni Agatha wa kule mlimani. Sebastiani alikuwa amevaa koti la harusi yake.

Akanisubiri getini. Akaniuliza, "Ulijua?"

Nikamjibu mambo ya usalama hayazungumzwi hadharani. Akaondoka bila kuniaga. Miaka arobaini hajawahi kuondoka bila kuniaga. Nimeumia, sisemi uongo. Angeenda kwa wazee, yangekwisha kwa nusu saa.

Jumatatu, 9 Juni
Nimewaza sana. Mke wangu Marieta kasema niende nikamwombe Sebastiani radhi, nimwambie yote. Ni kweli. Nimeoga, nimevaa shati la kanisani, nimetoka.

Njiani nimepita kwa Agatha, kumpongeza tu. Nikagusia kwamba mwenyekiti mpya anahitaji masikio. Akauliza watu wanamwonaje. Asubuhi hii hii nimewasikia dukani wakinung'unika kwamba tayari kampa shemeji yake ufunguo wa josho. Nikamwambia Tumati nzima inamshukuru Mungu kwa ajili yake.

Kaniongezea maziwa kwenye chai. Kwa Sebastiani sikufika.