Uyoga wa Kumrudisha Mellen

Jumatatu, 7 Aprili
Mke wangu Mellen bado yuko Lambwe kwa dadake, Orpah. Daktari alimwambia kolesteroli imepanda. Mellen akasema hawezi kupona akiishi na mtu anayekaanga hata mayai yaliyokwisha kuchemshwa. Nilifanya hivyo mara moja tu!

Nilizoea kulalamika kwamba anakoroma. Sasa ni kimya kinachoninyima usingizi.

Lakini kuna tumaini. Mama Gesare, mkulima wa uyoga hapa Uriri, ameniambia uyoga wake una dawa ileile iliyo kwenye vidonge vya hospitali. Eti huzuia ini kutengeneza kolesteroli. Nimenunua mifuko yenye mbegu za uyoga iliyo karibu kuota.

Alhamisi, 10 Aprili
Uyoga hupenda giza na unyevu. Nimepanga mifuko kitandani, upande wa Mellen. Nikiinyunyizia maji naisalimu.

Nimepiga simu Lambwe. Amepokea Orpah, bila shaka. Akajigamba kwamba Mellen anakula maboga ya kuchemsha na amenawiri. Amenawiri bila mimi! Nikamwomba ampe simu. Nikamweleza Mellen habari za uyoga, akasema atakuja Jumapili kuonja. Akiridhika, atahamisha vitu vyake arudi nyumbani.

Jumapili, 13 Aprili, asubuhi
Umeota! Mweupe, laini. Nimeuchemsha kama nilivyoagizwa, nikaonja. Hauna ladha yoyote. Huwezi kumkaribisha mke kwa kitu kama hiki. Nimetia kijiko cha mafuta ya ng'ombe. Nikatia kingine, kwa heshima yake. Halafu siagi.

Jioni
Alikuja amevaa gauni la samawati. Nilisahau hata kumpa kiti. Akamega ugali, akachovya, mafuta yakamtiririka hadi kiwikoni. Akauliza kwa upole kama uyoga umo humo. Nikamwonyesha. Ulikuwa umezama.

Akacheka. Mungu wangu, nilivyokitamani kicheko hicho! Kisha akafuta macho, akasema hata yeye halali vizuri kwa Orpah, anataka sana kurudi, ila anataka kuishi pia. Akapanda boda akaenda. Nimelia, na sioni haya kuandika.

Jumatano, 16 Aprili
Nimefikiri sana. Kosa nimeliona: dawa ilizidiwa na mafuta. Kwa hiyo nimeagiza mifuko ya kujaza chumba kizima. Na kwa kuwa uyoga mwingi hivyo haunogi ukiwa mkavu, nimepita buchani nikamwambia muuza nyama aniwekee mafuta yote ya wiki.

Mellen atarudi tu.