Betri Yenye Kidoa Chekundu

Jumatatu, 3 Machi

Pikipiki imegoma tena! Nimebonyeza swichi, ikakohoa, ikanyamaza. Nimepiga kiki hadi goti likalia. Fundi viatu wa jirani akauliza kama nafanya mazoezi. Nikaendelea kupiga.

Kosa ni la betri. Mimi sijagusa kitu, ila wiki iliyopita nilifunga honi ya lori, basi. Chini ya siti palikuwa na waya mmoja mnene usio na kazi. Nikaukata, nikaunganisha honi hapo. Inalia mpaka kuku wanatawanyika! Betri ndiyo mbovu.

Mama mkwe anakuja Jumamosi. Mara ya mwisho pikipiki ilizima njiani, akasukuma akiwa na viatu vyake vya kutokea. Mke wangu amesema, bila kupandisha sauti, kwamba mama yake akisukuma tena, pikipiki inauzwa. Asipopandisha sauti ndipo namwogopa. Akaongeza kwamba kaka yake anaweza kwenda kumchukua. Kaka yake! Shemeji anakaa chumba cha nyuma, ua mmoja na sisi, na ana pikipiki kama yangu. Yake inawaka kwa kidole kimoja, na anahakikisha nimeona.

Jumanne, 4 Machi

Fundi pikipiki wa pale kona anasema niipeleke aipime, huenda chaji haifiki kwenye betri. Wajanja hao! Unapeleka kasoro moja, unarudi na tatu. Nimemwambia nitafikiria.

Nimefikiria. Shemeji akiingia kuoga huimba, na akianza kuimba hatoki leo. Kabla hajamaliza wimbo wa kwanza, betri yake ilikuwa kwangu na yangu kwake. Zinafanana kama mapacha. Yangu imewaka kwa kidole! Akili ni mali.

Alhamisi, 6 Machi

Ajabu. Betri ya shemeji imenifia. Yangu, ile mbovu, iko kwake na ni nzima kabisa. Mtu mwingine angechanganyikiwa. Mimi nimeelewa papo hapo: pikipiki ya shemeji ni mashine ya kuchajia! Iliyokufa iende kwake ikashibe, iliyoshiba ije kwangu. Kazi yangu ni kusubiri aoge tu.

Nimebadilisha tena. Jioni nimemsikia anapiga kiki, anapiga, anapiga. Nimelala na furaha.

Ijumaa, 7 Machi

Nimebadilisha kwa ajili ya kesho. Niliyochukua ina kidoa chekundu ambacho jana sikukiona. Alama ya ubora, bila shaka. Mke wangu na kaka yake walikuwa wanacheka jikoni. Nilipoingia wakanyamaza. Familia ile hucheka ovyo.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi swichi haikuitika. Baridi, nikajiambia. Kiki ikakubali. Stendi nikampakia mama mkwe na begi lake, nikamwambia leo asiwe na shaka kabisa.

Pale makutano, penye watu wengi, nikapiga honi wajue nani anapita. Ikatoa mlio mmoja, ukafifia, na pikipiki ikazima. Katikati ya barabara! Mama mkwe alishuka, akavua viatu, akavitia kwenye begi, akashika nyuma tayari kusukuma. Aibu niliyoona sina pa kuiweka.

Mara akatokea shemeji, polepole, anapiga mluzi. Akafunua siti yake, akanionyesha betri: kidoa chekundu! Rangi ya kucha ya mke wangu! Alfajiri aliikosa kwake, akaifuata kwangu, akanirudishia iliyo yangu. Na rangi alipewa na dada yake, mke wangu wa ndoa. Kikulacho ki nguoni mwako. Mama mkwe akapanda kwa mwanawe. Mimi nikasukuma.

Jumapili, 9 Machi

Fundi ameletwa nyumbani. Akapima, akafunua siti, akauliza ni adui gani aliyekata waya wa kuchajia betri. Nikasema wezi. Hakuna aliyecheka. Akaung'oa waya wa honi, akaunga ule uliokatwa, chaji ikarudi.

Mke wangu bado alitaka kuuza. Aliyeniokoa ni mama mkwe! Amesema mwanamume huyu akikosa pikipiki atashinda hapa nyumbani kutwa. Mke wangu akaghairi. Sharti moja: honi itoke, isirudi. Nimeapa mbele ya wote.

Jumanne, 11 Machi

Mama mkwe anaondoka kesho, na amekubali nimpeleke stendi mimi. Mimi! Lakini mama mkwe hasindikizwi kimyakimya kama mzigo wa wizi. Honi nimeirudisha, waya uleule. Nitaipiga mara moja tu.

Betri ikilegea, ya shemeji iko palepale, na hivi ninavyoandika ameshaanza kuimba. Safari hii hawanipati. Yangu nayo nimeipaka rangi ya kucha.