Msabato wa Wiki Mbili

Jumatatu, 5 Mei
Leo nimeamua. Jerusa, jirani yangu hapa kwa laini ya nyumba za wafanyakazi, hafanyi kazi Jumamosi. Ni Msabato. Miaka sita barua ya pasta wake ya kumwombea ruhusa iko ofisini, na Jumapili anafanya shifti yetu sisi wengine. Mimi Jumamosi niko kiwandani kwa mashine ya kukausha majani chai mpaka macho zinawasha, na soko ya Sotik imejaa watu wenye simu zimekufa. Kutengeneza simu nimejifunza YouTube. Kitu sina ni Jumamosi. Basi, kuanzia leo mimi ni Msabato.

Jumanne, 6 Mei
Nimeomba Jerusa nakala ya ile barua, ati nisome. Karibu alie. Kumbe amekuwa akiniombea tangu nihamie hapa. Ameniita kaka Phelix. Nimeandika yote vile iko, nikabadilisha jina. Muhuri ya kanisa nimechora na biro. Imeenda upande kidogo tu.

Alhamisi, 8 Mei
Beverly wa HR, ofisi ya wafanyakazi, aliniuliza Sabato inaanza lini. Nikasema Jumamosi asubuhi, baada ya chai. Akaniangalia, maana ya Jerusa inaanza Ijumaa jua likizama. Akasema sheria haimruhusu kunyima mtu kwa sababu ya imani, kwa hivyo nimepewa. Jumamosi niko off, Jumapili nalipa kwa shifti. Hiyo Jumapili sikuwa nimeifikiria.

Jumatatu, 12 Mei
Juzi Sotik: simu tatu. Moja ilitoa moshi, mwenyewe akanifukuza hadi stage ya matatu. Jana shifti mzima. Jerusa alikuwa ameniwekea kiti kanisani Jumamosi, akangoja. Nilimwambia ni tumbo. Ameniletea uji.

Jumatano, 14 Mei
Chumba ya kuonja chai inatafuta mtu. Kinyua, tunafanya naye kazi, ameomba. Kinyua, hajui hata kufunga gunia! Nikaingia mbele yake, nikaonja vikombe kumi na nane, nikasifu zote. Bwana Kiptanui, meneja, alikuwa mlangoni. Akauliza pole pole Wasabato walianza lini kunywa chai, maana Jerusa amepakia hii chai miaka sita na hajawahi kuonja hata tone. Nikasema kanisa yetu ni tawi mpya. Kinyua alicheka mpaka akakaa chini.

Alhamisi, 15 Mei
Barua mbili mezani kwa meneja, ya Jerusa na yangu. Maneno ni yale yale. Jerusa alisimama karibu na mimi, hakuniangalia. Meneja alisema moja ni ya uongo na yeye hana wakati wa kujua gani. Zote zimefutwa, Jumamosi kila mtu kazini. Beverly alimwambia huwezi kuadhibu mtu kwa dini yake juu ya ujanja ya mwingine, hiyo kesi tutashindwa. Akaambiwa aandike memo. Ningesema ya uongo ni yangu. Nilifungua mdomo kabisa. Nikakohoa.

Jumapili, 18 Mei
Jana kazini jina la Jerusa lilisomwa mara tatu. Alikuwa kanisani. Leo barua ya kufutwa kazi iko chini ya mlango yake, na nyumba ni ya wenye kazi, atoke kabla ya Jumatano.

Jumatano, 21 Mei
Nimemsaidia kubeba godoro na jiko hadi barabarani. Anarudi kwa mamake na watoto wake wawili. Nilingoja anitukane. Alisema, kaka Phelix, usiache imani juu yangu.

Ijumaa, 23 Mei
Beverly amekuja kwangu. Anaandika rufaa ya Jerusa, anataka mtu mmoja tu aseme barua gani ilikuwa ya kweli. Huyo mtu akisema leo, Jerusa anarudi Jumatatu. Nimemwambia anipatie wiki nifikirie, si jambo ya haraka.

Halafu nikaenda ofisi ya kugawa nyumba. Ya Jerusa ina vyumba viwili na bado haijapewa mtu. Fomu inauliza kwa nini mtu mmoja anataka vyumba viwili. Nimeandika: ya pili ni ya maombi.