Tangi Moja Hadi Matsue

Jumatatu, 26 Novemba 1973

Nimejaza tangi tena. Binti wa kituo cha mafuta aliinama, akafuta kioo, akaniuliza kwa adabu kama Ijumaa nilisahau kitu pale. Nikamwambia hapana, nimepita kuwasalimia tu. Akanitilia lita hamsini za salamu.

Niandike wazi, kwa sababu hapa hakuna wa kunibishia: gari halina kosa. Lina miezi miwili. Rangi ya chungwa, milango miwili, na ndani injini ya rota, isiyo na pistoni za kupanda na kushuka kama magari ya watu wa kawaida. Kuna kipande cha pembe tatu kinachozunguka, basi. Ukikanyaga, linaimba. Kama kitu kinaimba hivyo, ni haki yake kunywa.

Shida ni majira. Tangu nchi za mafuta zifunge bomba mwezi uliopita, Hiroshima nzima imekuwa na wazimu. Juzi wanawake wawili wazima walivutana nywele dukani kwa sababu ya karatasi za chooni. Na mimi ndiyo kwanza nina gari jipya.

Asubuhi jirani yangu Ogata aliegemea ua, kama kawaida yake, akauliza limekunywa ngapi leo. Lake, akasema, bado linatembelea mafuta ya mwezi uliopita. Kigari cha Ogata kinalia kama cherehani. Mimi ni mwuzaji wa kiwanda cha sindano, cherehani nazijua.

Jioni Sumie, mke wangu, alikuwa akichambua miiba ya samaki. Akasema taratibu, bila kuinua macho, kwamba gari linakula kuliko sisi wawili. Nikamwambia tatizo si gari, ni dereva. Dereva mwenye akili, nikasema, anaweza kulipeleka gari hili Matsue kwa wazazi wako na kulirudisha kwa tangi moja.

Mdomo huu! Sumie aliweka vijiti vya kulia chini. Akanikumbusha kwamba Jumapili hii baba yake anatimiza miaka sitini, na kwamba Jumapili vituo vyote vya mafuta vinafungwa siku hizi. Vizuri kabisa, akasema. Tangi moja, kwenda na kurudi. Tukifika nyumbani, hatataja petroli tena maisha yake yote. Likituzimikia njiani, linauzwa, tunanunua kigari kama cha Ogata.

Nilikubali. Nilikuwa nimeshapaza sauti mno kuweza kukataa.

Jumanne, 27 Novemba

Sumie amemchagua Ogata kuwa shahidi. Mimi ningemchagua mtu yeyote mwingine hapa mjini. Jumamosi jioni, tangi likishajaa, Ogata atabandika ukanda wa karatasi juu ya kifuniko cha mafuta na kuugonga muhuri wa jina lake, nusu kwenye karatasi, nusu kwenye bati. Amefurahi kama aliyealikwa harusini.

Nimeanza kulipunguza gari uzito. Nimetoa tairi la akiba, jeki, kiti cha nyuma, mazulia na visahani vya majivu. Sumie aliuliza kama na yeye atatolewa. Sikujibu haraka vya kutosha.

Vilevile nimegundua kwamba viatu ndivyo vinavyokunywa mafuta. Mguu wenye kiatu hauna huruma. Leo nimeendesha hadi kiwandani na soksi tupu. Vidole vimekufa ganzi, nusura nigonge tramu. Matumizi yamebaki yaleyale, au yamezidi kidogo. Nadhani ni upepo.

Alhamisi, 29 Novemba

Siku kubwa! Nimemwambia bosi jino linaniuma, nikaenda milimani.

Mpango ni huu. Chini ya mlima wa Akana, katikati ya njia ya Matsue, kuna sanamu dogo la mawe la Jizo, mlinzi wa wasafiri, limevaa kofia nyekundu ya kusokotwa. Nyuma yake kuna kichaka. Ndani ya kichaka sasa kuna kopo letu la mafuta ya taa, na ndani yake lita kumi za petroli safi. Jumapili wakati wa kurudi nitamwambia Sumie nimebanwa na haja, nitashuka, nitamimina, tutaendelea.

Na karatasi ya Ogata je? Nimefikiria. Duka la vifaa vya ofisi karibu na kituo cha treni lina kile kibao cha kuzungusha chenye mihuri ya majina ya koo zote. Nikazungusha kidogo, na Ogata huyo hapo, kati ya wenzake. Muuzaji hata hakuniuliza. Nikifungua tangi nitabandika karatasi nyingine na kugonga muhuri wangu wa Ogata. Siioni hii kama udanganyifu. Naiona kama kujipanga.

Kwenda na kurudi Akana gari limekunywa karibu lita arobaini. Yaani nimechoma lita arobaini kuficha lita kumi. Mtu asiyejua mambo ya mipango atacheka. Acha acheke.

Jumamosi, 1 Desemba

Tumejaza hadi petroli ikachungulia. Ogata alikuja na koti zuri. Akabandika, akagonga, akapuliza wino ukauke, kisha akanipa pole mapema, eti kwa sababu kesho huenda nikajificha kwa haya asinione. Alipoondoka nilimwambia Sumie kwamba mtu yule ana roho ya kutu. Sumie akasema mtu yule ana gari linalofika anakokwenda.

Jumapili, 2 Desemba

Naandika ndani ya treni. Hilo peke yake linatosha kueleza, lakini nitaandika yote, kwa sababu nilikuwa karibu sana.

Kwenda tulikwenda vizuri mno. Soksi. Mguu laini. Kwenye miteremko nilizima injini tukashuka kimyakimya kama majani, ila breki zilikuwa ngumu na Sumie alikuwa ameshika mlango kwa mikono yote miwili. Aliniuliza kama nina nia ya kumfanya mjane au mimi mwenyewe kuwa marehemu, nichague moja. Tulifika Matsue mshale ukiwa umepita nusu kwa unywele tu, na lita zangu kumi zikiningoja kichakani. Nilitaka kuimba.

Baba mkwe, Mzee Fukuma, mwuza chai, alikuwa amevaa kofia nyekundu na kizibao chekundu kama inavyompasa mtu wa miaka sitini, maana umri huo ni kuzaliwa upya. Hakuniangalia mimi. Aliangalia gari. Akasema leo yeye ni mtoto mchanga na mtoto mchanga hanyimwi kitu, leta funguo. Nani atamkatalia mzee siku hiyo? Alikwenda mpaka kwenye ngome ya mji na kurudi, na mtaa mzima ulisikia injini ikilia kwa sauti ambayo mimi sijawahi kuthubutu kuifikisha. Alishuka na kofia imekaa upande. Akasema, "Mkwe, kumbe miaka yote hii nilikuwa nasukuma toroli."

Kisha likaja la kuaga. Hapo ndipo niliporogwa.

Mama mkwe alileta gunia la mchele. Akaleta figili nyeupe za shambani, zile nene kama paja. Akaleta pipa la kachumbari ya kuvundikwa, na jiwe lake la kuigandamiza juu. Kila kitu nilichokuwa nimekitoa garini kilirudi kwa sura nyingine. Nilikataa mara tatu kama ilivyo desturi, na mara ya tatu walinishukuru kwa kukubali.

Nikawasha injini. Kosa! Injini ya rota ikiwashwa ikiwa baridi haizimwi hapohapo. Ukiizima inajilowesha petroli na haiwaki tena mpaka wiki ijayo. Mimi ndani, inanguruma. Wao nje, wanainama. Tukawaambia ingieni ndani, baridi. Wakasema tangulieni ninyi, ndipo tuingie. Tukasema haiwezekani tuwaache wazee nje. Wakasema haiwezekani wageni waondoke bila kusindikizwa. Sumie alishuka kwenda kuinama vizuri zaidi. Mama mkwe akakumbuka chai. Wakarudi kuifuata. Jirani akatoka naye, akaambiwa binti yetu huyo anaondoka, akainama naye. Mimi naangalia mshale. Mshale ule ulikuwa ukishuka na mimi nikitabasamu, mashavu yananiuma. Nilitamani kulia mbele za watu. Tuliondoka wakati kivuli cha nyumba kimeshavuka barabara.

Lakini sikukata tamaa! Nilipiga hesabu: kwa kopo la Akana, na nikiwa mpole, tungeweza. Tulipokaribia sanamu nikaanza kujikunja na kushika tumbo. Kabla sijasema neno Sumie akaniambia nisimame, anataka kumshukuru Jizo kwa kutufikisha mpaka hapa tukiwa hai.

Alikaa pale muda mrefu kuliko sala inavyohitaji. Aliporudi alikuwa na kikaratasi. Akanisomea polepole kwamba Bwana Kuramitsu wa Hiroshima, aliyesahau kopo lake la petroli nyuma ya Jizo, asiwe na wasiwasi, limepelekwa kituo cha polisi cha kijijini na liko salama.

Jina letu, na mji chini yake, limeandikwa ubavuni mwa kopo. Sumie huandika jina kwenye kila kitu, hata ndoo. Nilikuwa nimeliona jina lile maisha yangu yote ya ndoa, kwa hiyo Alhamisi sikuliona.

Nikasema, Kuramitsu wako wengi. Nikapita kituo cha polisi bila kugeuza shingo. Mita mia mbili mbele gari likakohoa, likaimba kidogo, likanyamaza.

Sumie akanyoosha mkono, kiganja juu, akasema, "Na muhuri wa Ogata uko mfuko gani?"

Nikampa. Mpaka sasa sijui alijuaje. Akashuka, akarudi nyuma kwa miguu kwenda kudai kopo.

Nilibaki peke yangu na usukani. Niseme ukweli, nililia. Si sana. Nimevaa soksi, nimezungukwa na figili, na gari zuri kuliko yote niliyowahi kugusa limekufa chini ya mlima nalo halina kosa.

Polisi alikuja akisukuma baiskeli, kopo nyuma. Pembeni yake bibi mmoja mfupi, ndiye anayemmwagia Jizo maji kila asubuhi, ndiye aliyelikuta. Kwa kuwa aliyeokota lazima ashukuriwe, Sumie alimpa pipa zima la kachumbari. Bibi akasema mwanzo alidhani mtu amemtolea Jizo sadaka, akajiuliza sana, kwani Jizo naye ana gari? Polisi akacheka mpaka ikabidi aishikilie baiskeli isianguke. Aliniambia niandike sababu ya kusahau. Nikaandika: haraka.

Lita kumi zilitufikisha mji wa Miyoshi. Gari tumeliacha mbele ya kituo cha treni, funguo kwa mkuu wa kituo. Sumie amelala begani kwangu, gunia la mchele miguuni. Kabla ya kusinzia aliniambia maneno ambayo bado yananisumbua. Alisema kama ningetumia nusu ya akili hii kwa ajili yake, angekuwa malkia.

Jumatatu, 3 Desemba

Ogata alikuwa kwenye ua kabla ya jua. Hakuuliza chochote. Alisema tu kwamba hakunisikia nikirudi jana, na kwa kawaida mtaa wote hunisikia.

Saa nne baba mkwe akapiga simu kutoka Miyoshi. Sumie alikuwa amemweleza kila kitu jana usiku. Nikajiandaa kuaibishwa. Mzee akasafisha koo, akasema gari kama lile haliuzwi kwa mtu baki, hiyo ni dhambi. Tayari alikuwa ameshapanda treni hadi huko na lita ishirini kwenye chupa za mchuzi wa soya! Anataka tubadilishane: yeye achukue langu, mimi nichukue kigari chake cha kusambazia chai.

Sumie aliridhika. Mimi nilisema sawa, nikaenda uani, nikaangalia mahali pale lilipokuwa likilala. Kuna doa la oili. Nimemwambia Sumie asilifute.

Jumamosi, 8 Desemba

Kigari kilifika Jumanne. Rangi ya maziwa, mapazia dirishani, kinanuka chai. Kinalia kama cherehani. Lazima nikiri: hakinywi. Nimekizungusha wiki nzima mjini kote na sindano zangu, na mshale haujatikisika. Binti wa kituo cha mafuta aliponiona napita tu alinipungia mkono kwa huzuni.

Ogata amefurahi kunipokea upande wao. Ameniletea machungwa. Anasema sasa nimekuwa mtu mzima.

Jioni nilimwambia Sumie kwamba nimekuwa nikiwafikiria sana wazazi wake. Wanazeeka. Inafaa mtu awe anakwenda kuwaona kila Jumapili, bila kukosa. Sumie aliacha alichokuwa akifanya. Alisema katika miaka kumi na moja sijawahi kutaka kwenda Matsue bila kuburutwa. Macho yake yalilowa. Nilijisikia vibaya kidogo, kisha nikajisikia vizuri.

Jumapili, 9 Desemba

Matsue. Nimetoka kabla ya jua na chakula alichonifungia Sumie, yai la kukunja ndani yake, jambo la sikukuu. Kigari kilipanda Akana kwa kulalamika lakini kilipanda. Jizo ana kofia mpya.

Mzee Fukuma alikuwa ananingoja mlangoni, funguo mkononi, tangi tupu. Kafunga duka siku tatu kwa ajili ya kulizunguka ziwa, na mama mkwe hazungumzi naye. Nikamwambia asijali. Nikafungua nyuma ya kigari, nikashusha makopo manne niliyojaza jana, yote bila jina. Tulivua viatu wote wawili. Akaniachia usukani mimi kwanza.

Nimepiga hesabu mara mbili na hakuna shaka. Kigari hiki kinaokoa petroli nyingi sana, inatosha kabisa kuliendesha lile.