Mvuke wa Mama Mkwe

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Balaa! Mama mkwe amekausha mashuka kumi na mawili kwa robo saa. Nimeona kwa macho yangu, nikichungulia kwenye ufa wa mlango wake. Mimi soksi moja inanichukua siku tisa. Siku tisa! Na ikishakauka inanuka uyoga.

Wazee wetu walipohamia huku chini ya ardhi walibeba kila kitu isipokuwa jua. Ndiyo maana mji mzima unatembea na nguo zenye unyevu. Ndiyo maana pia nilifungua duka la kukaushia nguo. Wazo zuri kabisa. Tatizo ni kwamba mama mkwe analo lake, ukuta kwa ukuta na langu.

Leo amepita karani wa Ofisi ya Mji. Amesema sare za walinzi wa lango zitapewa duka moja tu, na Alhamisi atachagua. Duka litakalokosa litafungwa. Mke wangu, ambaye anafanya kazi kwa mama yake, akaniambia nisiwe na wasiwasi, mama atanipa kazi ya kukunja mashuka. Chai ilinishinda.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Nimegundua! Ukuta wetu ni wa moto. Niliuegemea nikiwaza, shati likakauka mgongoni. Kumbe bibi yule ana jiko la siri.

Nilikwenda kumwamkia kwa adabu zote, macho chini, shikamoo mama. Akaitikia. Nikamuuliza kwa unyenyekevu anatumia moto gani. Akasema anatumia bidii. Akanitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, akauliza kama mimi pia ninayo. Mke wangu akacheka. Mke wangu mwenyewe!

Nimeazima keekee ya kutobolea ukuta kwa fundi bomba. Nimemwambia nataka kutundika picha ya mama mkwe ukutani. Akanisifu, akasema wakwe kama mimi wamekwisha.

Jumatano, tarehe 5 Machi

Nimetoboa. Nimechungulia. 

Hakuna jiko. Kuna pango kubwa kuliko soko letu, na ndani yake mashine. Magurudumu marefu kuliko nyumba! Mvuke unachomoka mwambani, nyaya nene kama paja langu zinapanda kuelekea mjini. Ni mtambo wa umeme! Ule ambao mahali ulipo ni siri, ambao shuleni tulichapwa kwa kuuliza tu uko wapi. Uko nyuma ya meza yangu ya kupigia pasi.

Na hilo si baya zaidi. Katikati ya mashine alisimama mama mkwe, helmeti kichwani, akiwafokea mafundi. Amevaa suruali. Ameikunja juu ya magoti! Nimeona magoti ya mama mkwe! Nikakaa sakafuni, nikanywa maji. Miaka kumi na minne namwamkia nikitazama chini. Sasa nitatazama wapi?

Baadaye nikatulia. Kuna bomba jembamba linapita karibu kabisa na tundu langu. Mabomba mengine ni manene ajabu. Hili dogo nani atajua likipungukiwa? Nimetafuta mpira wa maji.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Sababu inakuja.

Asubuhi nilitoboa lile bomba, nikachomeka mpira, nikauvuta hadi dukani. Mvuke tele! Karani akaleta sare arobaini, zikakauka hata hajapata kiti. Akapigwa na butwaa. Kalamu yake ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

Taa ikazimika.

Nikatoka nje. Mtaa mzima giza. Halafu nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia tangu nizaliwe, yaani kimya. Mapangaboi ya hewa yalikuwa yamesimama. Karani akasema kwa sauti ndogo kwamba hewa iliyobaki ni ya saa tatu, labda nne. Jirani akaanza kuwaita watoto wake mmoja mmoja. Niliogopa, sifichi. Nilijua ni mimi.

Nikarudi kwa kupapasa, nikaukunja mpira. Ukakunjuka. Nikaufunga kwa sare, sare ikaruka. Basi nikaukunja tena, nikaukalia. Moto! Nilipiga yowe hadi upande wa pili wakasikia.

Wakavunja ukuta. Akatokeza mama mkwe na taa ya mkononi, suruali ileile. Nikafumba macho, nikatoa shikamoo nikiwa palepale juu ya mpira. Akaitikia marahaba. Halafu akaniambia kwamba bomba lile jembamba ndilo linalofungua koki zote kubwa, na kwamba nikithubutu kusimama atanizika mwenyewe.

Nilikaa saa nzima na nusu, mafundi wakiziba. Mapangaboi yalipoanza kunguruma nililia. Nimemwambia mke wangu ni mvuke.

Ijumaa, tarehe 7 Machi

Sare amepewa mama mkwe. Duka langu limefungwa. Karani alitaka nipelekwe kuzoa matope ngazi ya chini kabisa, maisha. Mama mkwe ndiye aliyeniombea. Alisema mimi ni mpumbavu, lakini niliambiwa nikae na nikakaa. Sijui kama nishukuru.

Mshtuko mwingine! Mke wangu ameijua siri hii tangu kabla ya harusi. Nikamuuliza mbona hakuniambia. Akauliza picha ya mama yake nimeitundika wapi.

Nimeapishwa nisiitamke siri hii wala kuiandika mahali popote. Nimeapa mkono juu. Ndiyo maana leo naandika kwa herufi ndogo.

Jumatatu, tarehe 10 Machi

Siku ya kwanza kazini, ndani ya mtambo! Mama mkwe sasa anavaa gauni refu juu ya suruali, kwa heshima yangu. Nimeguswa sana. Kazi yangu ni kukaa mbele ya geji moja ya kupimia mvuke na kupiga kelele sindano yake ikisogea. Nimepewa mto wa kukalia.

Mama mkwe amenionya mara tatu, mbele ya mafundi wote, nisiguse koki nyekundu. Nimemwahidi kwa moyo wangu wote, na nyekundu sitaigusa.

Ya kijani hakuna aliyeitaja. Ina bomba nene, la moto, karibu na kiti changu kabisa. Fundi bomba bado hajadai keekee yake. Kesho naja na soksi, jozi mbili tu.