Kuna Mtu Anavujisha Nyumba Hii

Jumatatu, 6 Mei

Hili sijawahi kumwambia mtu: nawashuku watu wote wa nyumbani kwetu. Baba kidogo. Mama zaidi kidogo. Shangazi sana.

Sababu ninayo. Leo mwenye duka amekuja mwenyewe hadi sebuleni, akakaa bila kukaribishwa. Amesema deni letu limemshinda kulivumilia. Lisipopungua kufikia Jumapili, atachukua cherehani ya mama. Amesema kwa upole, huku akiipapasa cherehani kama anayechagua mbuzi. Mama ni mshonaji. Baba ni mpaka rangi, na siku hizi hakuna anayepaka chochote, kwa hiyo cherehani ndiyo inayotulisha. Nilimwamkia mwenye duka mara mbili kwa woga. Mara ya pili hakuitikia.

Baba ametuambia tufunge mikanda. Shangazi akasema wake umeshafika tundu la mwisho. Shangazi ni dada yake baba. Alikuja kwa siku mbili, mwaka jana.

Kitabu nilichoazima maktaba kinasema familia haifilisiwi na vitu vikubwa bali na vidogo vinavyovuja. Basi kuna mtu anavujisha. Nitamkamata.

Jumanne, 7 Mei

Mpango: akiba ya siri. Nimehamisha pakiti ya sukari na mche wa sabuni kutoka jikoni hadi chini ya kitanda changu. Wakivikosa, watajifunza kubana matumizi. Siku ya dhiki nitavitoa, nao watanishukuru.

Jumatano, 8 Mei

Ajabu. Asubuhi hakukuwa na sukari. Mchana kuna pakiti mpya. Mama kamuuliza shangazi ile ya juzi imekwenda wapi. Shangazi kajibu kwamba yeye si siafu. Nimemwona akikwepesha macho.

Nimeichukua na hiyo mpya. Pamoja na chupa ya mafuta ya kupikia, ambayo mvujishaji hajapata nafasi ya kuifungua.

Alhamisi, 9 Mei

Mdogo wangu, Kidoti, ametumwa dukani tangu asubuhi, anakwenda na kurudi. Nimemfuata kwa mbali, nikijibanza kwenye kuta. Kanisubiri kwenye kona, akaniuliza kama nimemaliza kujificha nimsaidie kubeba. Nimebeba. Mafuta, chumvi, majani ya chai, sabuni. Hakutoa hata senti. Sisi tukifika pale tunasema tu “andika”, naye mwenye duka anaandika. Nilimuuliza Kidoti vitu vyote hivi ni vya nani. Kasema ni vya nyumbani, kwani vimeisha, kaka huoni?

Vimeisha vipi kwa siku moja? Mtu huyu ana tumbo la ajabu.

Nimehifadhi vyote. Kitanda kimeanza kuinuka upande wa miguuni.

Ijumaa, 10 Mei

Ushahidi. Kila alasiri shangazi hutoka na mfuko uliotuna, hurudi nao umesinyaa. Leo nimemfuata hadi kwa mke wa seremala. Akatoa kifurushi, akapokea pesa, akazitia kifuani. Wakacheka sana.

Anauza sukari yetu. Sentensi hiyo nimeipigia mstari mara mbili.

Jumamosi, 11 Mei

Chai bila sukari. Mama hakunywa. Amesema haelewi: anashona mpaka mgongo unakufa ganzi, lakini wiki hii deni limekua kuliko mwezi mzima uliopita, na kesho cherehani inaondoka. Akajifuta macho kwa kipande cha kitambaa cha mteja.

Nikasimama. Sijawahi kusema mezani bila kuulizwa. Nilisema mwizi yumo humu ndani na anakaa karibu na birika.

Shangazi aliinuka. Akaleta mfuko wake akaumwaga mezani. Sketi za shule, zote za mkono wa mama. Huzitembeza nyumba kwa nyumba kwa magoti yake mabovu, na pesa yote humpa mama. Kisha akaniuliza, “Profesa, hiyo miwani unavaa ya nini?” Mama aliniamuru niombe radhi. Niliziomba nikitazama viatu vya shangazi.

Shangazi akasema yameisha, na kuonyesha hana kinyongo angenifagilia chumba. Sikupata nafasi ya kumzuia. Ufagio ulikwama chini ya kitanda. Akatuita wote, taratibu, kwa sauti ya mtu anayeita watu waje kuona kichanga.

Baba alikaa sakafuni akacheka mpaka akaletewa maji. Mama hakucheka. Alianza kuvipakia vitu vyote kwenye ndoo za rangi za baba, tukavibeba hadi dukani.

Mwenye duka alikagua kila pakiti. Hakuna iliyofunguliwa. Akavipokea vyote, akavifuta kwenye deni, mama akaongeza pesa ya sketi. Likashuka chini ya pale lilipokuwa Jumatatu. Mwenye duka akasema tangu aanze biashara hajapata kuona nyumba inayokopa kwa ajili ya kutunza.

Jumapili, 12 Mei

Mwenye duka hajaja. Cherehani inalia tangu alfajiri. Baba ameweka sheria: anayeruhusiwa kusema “andika” ni mama peke yake.

Nimewaza sana. Bila akiba yangu, tungerudisha nini dukani? Mpango umefanya kazi, ila hakuna aliyeliona hilo. Na mvujishaji bado yumo. Kwa mfano, mama anatumia uzi mwingi mno. Mishono miwili mahali ambapo mmoja ungetosha.

Walipokwenda kula, nilichukua rola za uzi mweusi zilizokuwa kwenye droo ya cherehani, nikazitia ndani ya soksi, nikaiweka soksi nyuma ya vitabu vyangu. Nikanawa mikono, nikaenda mezani.

Jioni mama alisema uzi umeisha, akamtuma Kidoti dukani aseme ni mama aliyesema “andika”. Nikamfuata kwa mbali.